Mahame ya Wharram Percy: shajara ya mradi wa matembezi kwa Kiswahili

Februari 8

Kikao cha jumuiya yetu ya Kiswahili hapa Leeds kimepita. Matembezi ya familia ya mwaka huu hayatakuwa ya pwani tena. Tunakwenda Wharram Percy, na kazi ya kutengeneza maelezo ya sauti kwa Kiswahili nimepewa mimi. Vituo saba, kila kimoja dakika nne hivi, mtu anasikiliza kwenye simu yake huku anatembea. Muda nilio nao ni mpaka mwisho wa Mei.

Kwa asiyepajua: Wharram Percy palikuwa na kijiji kidogo cha wakulima, kwenye vilima vya Yorkshire Wolds, kaskazini mashariki ya mji wa York, Uingereza. Leo haishi mtu pale. Kuna kanisa lisilo na paa, bwawa, nyumba moja iliyobaki ya karne ya 19, na bonde refu la majani. Mengine yote yako chini ya majani hayo. Mwenzangu wa kazini alinipeleka mara ya kwanza miaka sita iliyopita, wakati wa baridi, nikasimama pale nikadhani tumekuja malishoni. Jua lilipoanza kushuka, mwanga ukapiga kwa ubavuni, na ardhi yote ikainuka: kuta, vichochoro, viwanja, mapengo ya milango. Tangu siku ile nimetamani kuwaonyesha watu wangu.

Februari 16

Nimekwama kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu ya neno moja. Nianze kwa kusema tumefika wapi?

Waingereza wana ngazi zao. Kuna mji, kuna kijiji, halafu kuna kikundi cha nyumba chache ambacho kwa desturi hakina hata kanisa. Hicho cha mwisho Watanzania wanacho tayari katika utawala wao: kitongoji. Kwa hesabu hiyo Wharram Percy kilikuwa kijiji, maana kanisa lilikuwepo, tena lilikuwa kanisa mama. Parokia yake ilichukua pia Thixendale, Burdale, Raisthorpe na Towthorpe. Kati ya hivyo vinne ni Thixendale tu ambacho mpaka leo ni kijiji cha watu. Vingine navyo vimebaki mashamba.

Lakini kijiji kisicho na watu tukiiteje? Nilijaribu "magofu", nikaona hapana. Gofu lina kuta, na hapa ukuta uliosimama ni wa kanisa peke yake. Nikalikumbuka neno ambalo sijalitamka miaka mingi: mahame. Mahali palipokuwa na watu wakahama. Kwetu Malindi hakuna haja ya kulieleza, maana Gede, mahame ya mji wa kale wa Waswahili, iko njiani hapo, na kila mtoto ameshapelekwa na shule. Na jambo lililonifurahisha: mwanaakiolojia James Kirkman alianza kazi yake Gede mwaka 1948, na mwaka huohuo ndipo Maurice Beresford, ambaye baadaye alipachimba, alipofika Wharram Percy kwa mara ya kwanza. Kwa wale wetu wa pwani hilo nitalitaja kwenye kituo cha 1.

Basi: mahame ya Wharram Percy.

Machi 9

Safari ya kupima njia. Kutoka Leeds ni saa moja na nusu hivi kwa gari. Unaacha gari juu barabarani, kisha unashuka kwa miguu zaidi ya kilomita moja. Wazee wetu wataweza, ila wavae viatu vya maana. Tope lilikuwa la kunata, na ardhi ya kule ina vipande vya mwamba mweupe, chaki hasa kama ile ya ubaoni. Fuko wakifukua, vilima vyao vinatoka na punje nyeupe. Nilirudi na soli zilizopakwa chokaa.

Njia inapita kwenye reli ya zamani ya Malton na Driffield, iliyofunguliwa 1853 na kufungwa kabisa 1958. Reli nimeipa sentensi mbili. Ilikuja miaka mia tatu na hamsini baada ya wenyeji kuondoka.

Nilichojifunza leo ni saa. Saa sita mchana mawingu yalikuwa mazito, na nilipotazama bonde sikuona kitu. Saa kumi mawingu yakafunguka kidogo upande wa magharibi, na safu mbili za nyumba zikajitokeza juu ya ukingo wa bonde. Kila nyumba ina kiwanja chake mbele na kitalu kirefu nyuma, vimepangwa kama mtu alikata viwanja kwa kamba. Nje ya kijiji kuna matuta ya kulimia, marefu, yamepinda kidogo. Sisi tunayajua matuta. Sitahitaji kuyaeleza kwa neno lolote la kuazima.

Uamuzi: tufike mapema, tule, halafu tuanze kutembea alasiri.

Machi 17

Kituo cha 2, wachimbaji. Hapa habari ni nyingi kuliko dakika nilizo nazo.

Beresford hakuwa mwanaakiolojia. Alikuwa mwanahistoria wa uchumi, amekwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Leeds, mtu wa ramani na hati za kodi. Alikuwa anaona majina ya vijiji kwenye hati za kale, akienda mahali penyewe anakuta ng'ombe. Wakati ule wako wasomi waliokuwa hawaamini kwamba vijiji vingi vya Uingereza vilikufa. Mwaka 1950 akaanza kuchimba Wharram Percy ili athibitishe kwamba yale matuta ya ardhi kweli ni nyumba. Mwaka 1952 akajiunga naye John Hurst, ambaye alijua vyungu na alijua kuchimba. Wawili hao walirudi na watu wa kujitolea kila kiangazi, majuma machache kwa mwaka, mpaka 1990. Miaka arobaini kwenye bonde moja! Leo vijiji vya Uingereza vinavyojulikana kuwa vilihamwa vinakaribia elfu tatu, na heshima kubwa ya kuvifungua kwa elimu ni ya hawa wawili.

Hurst alileta mtindo uliotoka Denmark. Zamani wachimbaji walikuwa wakikata mifereji myembamba kufuata ukuta. Nyumba ya mkulima haiwezi kuonekana hivyo, maana ukuta wake ni mawe machache yasiyo na saruji. Wao wakavua udongo wa eneo zima kwa mara moja, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayekunja mkeka baada ya mkeka. Ndipo wakaona kwamba kila nyumba ilikuwa imejengwa juu ya nyumba nyingine, mara nyingi, na safari nyingine imegeuzwa hata upande ilikoelekea.

Na kuna hili, ambalo nitaliweka hata kama litanigharimu nusu dakika. Sakafu za nyumba zile zilikutwa zimebonyea katikati. Zimebonyea kwa kufagiwa. Kila siku ufagio ulipita, ukachukua vumbi kidogo na sakafu kidogo, mpaka katikati ya chumba pakawa na bonde. Wamekutwa pia wana funguo na makufuli. Vitabu vimezoea kumchora mkulima wa zama zile akilala kwenye uchafu. Watu hawa walikuwa wanafagia kila kukicha na kufunga mlango wakitoka.

Machi 30

Jaribio la kamba, kwenye uwanja nyuma ya ukumbi wetu.

Nilitaka watoto waione nyumba kabla hatujafika. Nyumba za Wharram Percy zilikuwa ndefu: mita 15 na zaidi, upana mita 5 hivi. Kuta za chini ni mawe ya chaki, na paa limebebwa na miti iliyopinda, imesimamishwa jozi jozi na kukutana juu, halafu ezeko la nyasi. Milango miwili inatazamana katikati ya kuta ndefu. Upande mmoja wanakaa watu, na moto uko sakafuni. Upande wa pili ni wa mifugo au wa kuwekea vitu.

Tulinyoosha kamba, tukapigilia vijiti. Watoto kumi na moja wakaingia. Nikawagawia kazi: wewe ni moto, nyinyi wawili ni ng'ombe, wewe ni mama, wewe ni mtoto mchanga, wewe ni gunia la shayiri. Moto ulipokaa mahali pake, watu wakasogea wenyewe, na binti yangu, ambaye alikuwa ng'ombe, akasema, "Baba, sisi huku tuna nafasi kubwa kuliko wao." Kweli. Sikuwa nimeliona kwenye ramani zote nilizosoma.

Baba mmoja kutoka Dodoma alikuwa amesimama pembeni akitazama. Akasema kwao tembe ilikuwa hivyohivyo, ndama analala ndani, na usiku wa baridi unashukuru joto lake. Nimemwomba aseme maneno hayo kwenye kinasa sauti kwa sauti yake mwenyewe, naye amekubali. Kituo cha 4 sasa kina sauti mbili.

Aprili 13

Kanisa la Mtakatifu Martin. Nimerekodi kituo chote pale pale, nimerudi nyumbani, nimesikiliza: upepo mtupu. Dakika kumi na tano za upepo unaopiga kwenye mnara uliobomoka. Nitarudia, safari hii na kitambaa kizito juu ya kinasa sauti, na asubuhi.

Lakini maandishi ya kituo hiki ndiyo yaliyonitoka vizuri kuliko yote, kwa sababu ukuta wenyewe unasimulia. Kanisa lilianza la mbao, dogo, kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza. Likafuata la mawe. Watu walipoongezeka, likatanuliwa: ukuta ukatobolewa kwa matao na ubavu mpya ukajengwa nje. Watu walipopungua, ubavu ukavunjwa na matao yakazibwa. Simama nje ya ukuta wa kusini uyaone: nguzo na matao yake bado yamo ndani ya ukuta, yamejazwa mawe kama dirisha lililotiwa matofali. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika anaweza kuhesabu waumini hapo.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba kanisa liliendelea muda mrefu baada ya kijiji kwisha. Watu wa Thixendale walikuwa wakitembea kuja kusali hapa na kuzika hapa, mpaka walipopata kanisa lao mnamo 1870. Ibada ya mwisho Wharram Percy ilikuwa 1949. Mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaanguka. Kwa karibu miaka 450 kengele ilikuwa inaita kwenye kijiji kilichokwisha.

Chini kidogo kuna bwawa, linalopata maji ya chemchemi. Kwanza palikuwa na kinu cha maji cha kusagia nafaka, baadaye pakawa bwawa la samaki. Hapo ndipo pa kupumzikia wazee, na kituo cha 6 ni kifupi makusudi.

Aprili 21

Leo tumebishana, na haikuwa vibaya.

Wachimbaji walitoa karibu mifupa ya watu 700 kwenye eneo la kanisa. Swali: tuseme nini mbele ya watoto, na tuseme nini mbele ya wazee ambao kwao kumfukua maiti ni jambo zito? Sheikh mmoja aliyekuwepo alisema hatuna haja ya kuficha, ila tuanze kwa heshima. Nikakubaliana naye.

Hivyo kituo cha 5 kinaanza na watoto wachanga. Mifupa ya watoto wa Wharram Percy imepimwa, ikaonekana walinyonyeshwa mpaka umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Akina mama wa kikao wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu vijana: mtoto wa miaka 14 wa kijiji kile alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka 10 wa siku hizi. Hapo watu walinyamaza. Ziwa la mama lilimlinda, na baada ya kuachishwa hapakuwa na chakula cha kutosha kumkuza. Yupo pia mtu mzima aliyepasuliwa fuvu la kichwa kwa makusudi, kama tiba, na mfupa ukapona. Mtu alimtibu, na alimtibu vizuri.

Kisha likaja lile lililotangazwa sana magazetini 2017: mifupa 137 ya watu wasiopungua kumi, yenye alama za kisu, mingine imeunguzwa, ya kati ya karne ya 11 na ya 14. Wanasayansi wanaona maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba wanakijiji waliogopa maiti wale wasije wakainuka na kuwadhuru walio hai, wakawakata na kuwachoma. Meno yao yalionyesha kwamba walikuwa wenyeji wa karibu, si wageni. Baba mmoja alitaka tuliache kabisa: "Watoto watakumbuka vizuka tu." Nimelibakiza, lakini mwisho wa kituo, sentensi nne, na kwa sauti ya kawaida. Waliokuwa na hofu ile ni wale wale waliokuwa wakinyonyesha na kufagia.

Mei 4

Kituo cha 7. Nimekiandika mara tisa.

Kila ninayemwambia kuhusu mradi huu ananiuliza: tauni, sivyo? Sivyo. Tauni kuu ilifika hapa 1349 na iliua watu. Lakini Wharram Percy iliishi miaka 150 baadaye, watu wakilima na kubatiza watoto. Kilichokimaliza ni kondoo. Na kondoo hawakuja wenyewe.

Baada ya tauni vibarua walikuwa wachache na ujira ulipanda. Bei ya nafaka haikuwa nzuri. Sufu ilikuwa na soko. Mwenye ardhi akipiga hesabu, alikuta kwamba mchungaji mmoja na mbwa wake wanaweza kushika ardhi inayolimwa na familia kadhaa. Na mkulima hakuwa na hati ya kumzuia. Vijiji vya Wolds vikaanza kupungua nyumba moja moja. Mnamo 1500 zilikuwa zimebaki familia nne hapa, na ardhi ilikuwa mikononi mwa Baron Hilton. Akaziondoa. Serikali ya Henry VIII ilifanya uchunguzi mwaka 1517 kuhusu vijiji vilivyovunjwa, na habari ya Wharram Percy imo: plau nne zimewekwa chini. Plau nne, ndiyo kusema nyumba nne zilizokuwa zinakula kutokana na ardhi. Uchunguzi ukaandikwa, na bonde likabaki la kondoo.

Nilimsomea rasimu Bi Mkubwa mmoja wa Lamu, ambaye Kiswahili chake ndicho ninachopimia changu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Mwanangu, umesema kijiji kilihamwa. Kilihamwa na nani?"

"Na wenyewe, Bi Mkubwa."

"Wenyewe walihama?"

"La. Waliondolewa."

"Basi mbona hukusema?"

Nimerudi nyumbani nikakaa na neno langu. Mahame limetoka kwenye kuhama, na anayehama ameamua. Mimi nimehama Malindi. Nilifunga sanduku kwa mkono wangu. Familia zile nne hazikuhama. Nikijaribu "walihamishwa", linasikika kama serikali iliyowatoa watu mafurikoni. "Kilihamwa" linamficha mtendaji kabisa, na nilikuwa nimelitumia mara sita. Nimepitia vituo vyote saba. Mahame nimeliacha kwenye jina, kwa sababu ndivyo palivyo leo. Lakini kituo cha 7 sasa kinasema: Baron Hilton aliwafukuza watu wa nyumba nne ili aweke kondoo. Mtendaji mwanzoni, na kwa jina lake.

Mei 18

Matembezi ya majaribio, watu tisa. Kiangazi kinakaribia na majani yameanza kurefuka, kwa hiyo matuta hayaonekani kama Machi. Maelezo ya kituo cha 3 yanahitaji alama za kudumu zaidi: mti ule, kona ya uzio, kanisa upande wa kulia. Sauti ya baba wa Dodoma imetoka safi. Kanisa nimelirekodi saa moja asubuhi bila upepo, na kunguru wamesikika kidogo, wabaki.

Kituo cha 4, nyumbani. Maelezo yangu yalikuwa yanamwambia msikilizaji aingie kati ya vilima viwili, pale penye pengo la mlango, asimame katikati. Watoto wakaingia mbio. Bi Mkubwa alikuwa nyuma yao na mkongojo wake. Alipofika kwenye pengo akasimama. Akasema, "Hodi." Watoto wakanyamaza, wakatoka mmoja mmoja. Akangoja. "Hodi." Ng'ombe walikuwa mbali, wanakula. Akarudia mara ya tatu, akangoja tena kidogo, kisha akageuka, akapita nje ya ukuta mpaka upande wa pili, nasi tukamfuata.

Usiku huu nimebadilisha kituo cha 4. Sasa maelezo yanamwongoza msikilizaji azunguke.